Nimemwonea Wivu Mjane wa Kwenye Filamu

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia bafuni, nimefungua bomba wasinisikie.

Mungu anisamehe, nimemwonea wivu mjane wa kwenye filamu! Wivu kabisa!

Tulikuwa sebuleni, mimi, wifi na mama mkwe. Kwenye filamu gari limepinduka, mume amekufa, mke amepona. Analia vizuri, hata wanja hauchuruziki. Mama mkwe wake anamkumbatia: "Mwanangu, si kosa lako." Hivyo tu! Na hata mazishi hayajaisha!

Mimi huu mwaka wa saba, unajua. Jua lilinichoma kwenye basi, nikamwomba marehemu mume wangu tubadilishane viti, lori likagonga upande aliohamia. Nani amewahi kuniambia hivyo?

Sasa sikia. Mama mkwe wangu mimi, yule yule, anafuta machozi na kuiambia televisheni: "Maskini, si kosa lake."

Anaiambia televisheni!

Neno likaniponyoka: "Mama, na mimi je?"

Wifi akazima sauti. Aibu niliyoiona! Mama akanigeukia.

"Kwani wewe ulijua lori linakuja?"

"Hapana, Mama."

"Basi ungefanya nini? Kaa tuone mwisho."

Miaka saba, mwenzangu, halafu anasema kama anayeniagiza chumvi!

Ngoja, Mama anagonga mlango. Anasema wameisimamisha filamu, wananisubiri mimi.