Baba Neema Alipopeleka Sahani za Pasaka

Mama Neema, shoga yangu,

Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Magomeni kumetulia, mumeo amejilaza mkekani hapa ukumbini, amelala fofofo mchana huu wote, na mimi siwezi kukaa na habari hii kifuani. Nani mwingine nimpe kama si wewe?

Unajua tangu tukuzike alikuwaje. Asubuhi karakana kule mtaa wa Gerezani, jioni chumbani. Nikimkaribisha chai, "Nimeshakunywa." Wiki ya Ijumaa Kuu nikamsimamisha, "Shemeji, Pasaka tunapika nini?" Akajibu huku anapita, "Mwaka huu hatupiki. Mpishi hayupo."

Niliingia ndani nikalia. Halafu nikakasirika. Miaka yote hii tumeishi nyumba moja, wewe unaniletea pilau la Pasaka, mimi nakuletea sahani ya Idi, leo iishe hivi hivi?

Neema ndiye aliyeniokoa. Siku hizi anajifunza upishi kwenye hoteli moja mjini, upande wa mikate na keki, basi anarudi na vituko! Anasema kila mgeni na Pasaka yake. Wapo wanaotaka mikate midogo mitamu yenye msalaba juu. Wapo wa keki yenye umbo la kondoo, wapo wa mayai ya chokoleti. Na Wagiriki wanasuka mkate kama mtu anavyosuka nywele, halafu wanachomeka yai jekundu katikati, zima, na ganda lake. Nilikusikia kabisa ukiuliza, "Na hilo ganda nalo linaliwa?" Nikamwambia Neema. Tulicheka mpaka akafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko yote. Akasema, "Mamdogo, tupike tu. Baba akikataa kula, atanusa."

Jumamosi nikaenda Kariakoo kutafuta maganda ya vitunguu, maana Neema anasema ukichemshia mayai ndiyo yanatoa rangi. Muuza vitunguu akanikodolea macho. "Mama, vitunguu hivi hapa, wewe unaokota maganda?" Nikamwambia ni ya Pasaka. Akatazama baibui langu, akatazama maganda, akanijazia mfuko.

Jana mume wangu akachinja kuku, kama ulivyotaka kila mwaka, ili kila jirani ale bila wasiwasi. Mimi pilau, Neema mkate wake wa kusuka. Mayai yalitoka ya kahawia zaidi kuliko mekundu, mkate ukapasuka ubavuni, lakini harufu, shoga! Baba Neema akarudi kutoka kanisani, akasimama ukumbini. Sahani za majirani zilikuwa zimepangwa, zimefunikwa. Neema akainama achukue ya kwanza.

"Acha," akasema. "Nitapeleka mimi."

Yeye! Mtu ambaye hata salamu za majirani ulikuwa unamjibia wewe.

Akatoka na sahani ya Bi Mwanaidi, yule bibi wa nyumba ya pili. Tukasubiri arudi achukue nyingine. Hakurudi. Pilau likaanza kupoa. Neema akaingiwa na hofu, nikajitanda khanga nikamfuata.

Nikamkuta amekaa barazani kwa Bi Mwanaidi, yule kinyozi jirani na mkewe wamesogea, na yeye anasimulia! Anasimulia ile Pasaka mliyopata mgeni kutoka kanisani, ukatia sukari kwenye pilau ukidhani chumvi, na mgeni wa watu kwa adabu akala lote, akasema limekolea. Mimi hiyo nilikuwa sijaisikia. Ulinificha, shoga! Akawa anaigiza sauti yako, machozi yanamtiririka, wala hayafuti. Aliponiona akasema, "Shemeji, wananiuliza habari zake. Kumbe watu walikuwa wanaogopa kuniuliza."

Nikarudi kumwambia Neema asiogope.

Sahani zote alizipeleka mwenyewe, na kila nyumba alikaa. Tulikula alasiri, chakula cha baridi, sote kwenye mkeka mmoja. Alikula, Mama Neema. Aliomba aongezwe. Mkate alisema mgumu, Neema akanuna, basi akakata kipande kingine akakitafuna mpaka mwisho.

Sasa nikuage. Nakuahidi, nikiwa hai, mumeo na mwanao hawatakula sikukuu peke yao, iwe yenu au yetu. Na zile hadithi zako nitazifuata nyumba kwa nyumba, maana kumbe kila mtu ana yake, na mimi nilidhani nakujua kuliko wote.

Pumzika, shoga yangu. Huku tunakutaja.

Wako,
Zuhura