Sauti ya Baba Kwenye Kanda ya Tatu

Kisumu,
9 Agosti 2025

Kaka Sydney,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku ziwani. Wewe na wifi mnaendeleaje huko Thika? Kile kifua kilichokulaza mwezi wa sita kimepoa? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini juzi alitembea mwenyewe hadi soko la Pap Onditi akarudi na dagaa wa omena na malalamiko kuhusu kila mtu aliyekutana naye, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Ujumbe wako wa sauti wa Jumatatu ulinikera. Umeuliza kwa nini kazi ya siku moja imenichukua wiki tatu. Kaka, ungekuwa hapa ungefunga mdomo.

Unajua filamu za Baba hazina sauti. Ile kamera ndogo aliyoachiwa na mzungu wa mradi wa mpunga ilikuwa bubu, ndiyo maana alikuwa anawasha redio kaseti pembeni na kuiacha inase kila kitu. Mama amesema siku anayotimiza miaka themanini na mitano anataka kumwona mumewe akisema. Wewe ukajibu kwamba siku hizi ni kuweka sauti juu ya picha, basi. Basi!

Nilikwenda kwa Celestine, yule niliyesoma naye, anayetengeneza video za harusi pale Kibuye. Picha zilirudi kutoka Nairobi, zilikohamishiwa kwenye kompyuta, zikikimbia, Baba akitembea kama anayefukuzwa na nyuki. Celestine akazipunguza mwendo. Kanda nazo zilinaswa betri zikiwa zimechoka, kwa hiyo ukizicheza leo kila mtu anaongea kwa sauti ya mtoto mchanga. Tukazipunguza pia. Halafu tukaviunganisha. Mwanzoni vilikwenda sawa, lakini dakika ya pili sauti ilikuwa imeshaachana na midomo. Shangazi Magdalene anacheka huku mdomo umejaa nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu, mbwa anabweka akiwa amelala. Ukisawazisha mwanzo, mwisho unaharibika. Ikabidi tukate kanda vipande vya sekunde chache na kutafuta mahali pa kushikiza kila kimoja: mlango unapogongwa, sufuria inapoanguka, mtu anapopiga chafya. Mchana kutwa kwa chafya moja.

Ndugu nao hawakunisaidia. Shangazi aliposikia kipande chake alisema ile si sauti yake na akataka kuja kurekodi nyingine, akiwa na miaka sabini na minane. Mama alisikiliza Baba akiomba dua kabla ya chakula, akaniambia huyo ni mtangazaji wa redio, nimtafutie mumewe. Tulirudia mara sita. Mara ya sita alishika ukingo wa meza ya Celestine, akasema, "Ndiye."

Sasa nije kwenye kanda ya tatu, ile uliyoniambia nisiiguse, niitupe. Hukusema sababu na mimi sikuuliza, kwa kuwa naijua.

Nimeiunganisha. Ni ile siku ya kulima ya mwaka wa themanini na sita, ulipokuwa umetumwa kununua mbegu. Baba anagonga kigingi cha nira kwa nyundo, mapigo matano, na kila nyundo inaposhuka sauti inalia papo hapo. Hakuna kipande kilichokaa sawa kuliko hicho. Halafu anainuka na kusema yale maneno uliyoyasikia jioni ile ulipocheza kanda: "Huyu amenichosha. Anakula, analala, kazi hataki. Mwaka ukiisha sitaki kumwona hapa." Na wakati anayasema, Sydney, mkono wake uko juu ya nundu ya Rateng', yule ng'ombe dume mweusi aliyezoea kulala katikati ya mtaro. Anamsukuma kwa goti. Nyuma yake mimi nimesimama na kibuyu cha maji, nacheka.

Nilikuwepo. Sikuhitaji kompyuta kunionyesha. Jioni ile uliniita nyuma ya jiko ukaniuliza Baba alikuwa anamsema nani. Asubuhi ya siku hiyo ulikuwa umenizaba kofi mbele ya wenzangu kwa sababu ya daftari lako nililolilowesha. Nikakujibu, "Wewe." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilitaka uumie siku moja tu.

Desemba ukaondoka. Nilingoja urudi nikwambie. Ulipokuja Krismasi ya pili ulikataa kula nyumbani kwa Baba, nikaogopa. Kisha nikawa mtu mzima na nikaogopa zaidi. Baba aliniuliza mara mbili amekukosea nini. Mara ya mwisho alikuwa wodini. Nilimwambia sijui.

Nimewakasirikia Celestine, Shangazi, betri za mwaka wa themanini na sita, hata wewe, kwa kuwa miaka yote hiyo hukumuuliza mwenyewe. Lakini uliniuliza mimi, na mimi nilikujibu.

Mama nimemwambia jana. Aliomba kuona kile kipande tena, halafu tena. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Alisema nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine, kisha akaenda kulala mchana bila kula.

Sherehe ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Kanda ya tatu sikuitoa kwenye filamu. Usipotaka kuniona nitakaa kwa Shangazi siku hiyo, wewe ukae na Mama. Nisalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu, na ameniagiza niandike kwamba kiti cha Baba hakijakaliwa na mtu.

Ni mimi dada yako,
Lornah