Mbuzi Uliyemkataa

Baba,

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba aliyekufa amelala na hasikii kitu mpaka parapanda. Kwa hiyo najua siandikii mtu anayesikia. Nakuandikia hivyo hivyo, tena kwa Kiswahili, maana nyumbani tulisema Ekegusii lakini Biblia yako ilikuwa ya Kiswahili, na kila tulipogombana juu yake tulijikuta tumehamia lugha yake.

Mama hajambo. Bado anapika ugali wa kukutosha na wewe, kisha kuku ndio wanaonenepa. Mimi nafundisha Nyamira na kurudi nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijatua, kama ulivyotaka.

Ombati hakuja kukuzika. Nataka ulijue hilo. Alitoka Kericho asubuhi, akafika Keumbu, akaketi kwenye hoteli ya chai mpaka alipoona watu wakirudi kutoka matangani, akapanda gari akarudi alikotoka. Mtoto wako wa kwanza, Baba. Alishindwa kupita mbele ya lango la jirani yetu, Mzee Makori.

Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, kila mtu anataka kupanda chai. Siku tulipokuwa tukifyeka shamba la juu, Ombati ndiye aliyeshika shoka, na Momanyi, mwana wa Makori, alikuja kutusaidia kama jirani. Mti uliangukia upande ambao hakuna aliyeutarajia, ukamuua Momanyi. Hakuna aliyesema Ombati alikusudia, hata Makori mwenyewe hakusema. Wazee walitaka tu kile ambacho Abagusii wamefanya siku zote: mbuzi achinjwe, nyumba mbili zile pamoja, watu waanze tena kusalimiana. Ukakataa. Ukawaambia, nami nimesimama nyuma yako:

"Damu ilimwagwa msalabani mara moja, ikatosha. Nikichinja mbuzi leo nitakuwa nimesema haikutosha."

Nilikustahi siku ile, na nilikukasirikia. Ombati akaenda Kericho kuchuma chai ya watu. Wewe na Makori mkaendelea kusali kanisa moja kila Sabato, na siku ya Meza ya Bwana, wanaume walipooshana miguu, kila mmoja wenu alitafuta miguu mingine.

Mimi nami sikukupa nafasi ya kupumua. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa. Nilikuuliza: mtu akiiba mahindi, kisha chifu amchape ndugu yake asiye na hatia, hiyo ni haki? Na kama Mungu anataka kusamehe, si asamehe tu, damu ni ya nini? Ulikuwa unachagua maharagwe, hukuinua hata uso. "Mokaya," ulisema, "kibuyu hakichoti mto wote. Chota kinachokutosha, unywe." Jibu hilo liliniudhi kwa miaka.

Siku ya mazishi yako Makori alikuja. Alisimama karibu na ua, akaondoka bila kuonja hata maji. Nikamfuata, nikamwuliza atalishika jambo hili mpaka lini, yeye na ubatizo wake. Hakukasirika.

"Naamini kama baba yako alivyoamini," alisema. "Mungu amemsamehe Ombati, vizuri. Lakini aliyekufa ni wangu, na mimi sikuulizwa."

Baba, sijapata kusikia mahubiri yaliyonisumbua kama maneno hayo. Nilikwenda nayo Nyamira, nikarudi nayo. Imani yako ilikuwa imemfungia mtoto wako nje, na akili zangu nilizojivunia hazikuwa zimemsaidia kitu.

Nikamwambia Mama nataka yule beberu wetu nimpeleke kwa Makori. Akasema hawezi kulivunja neno lako na udongo wa kaburi haujakauka. Kisha akaenda mwenyewe bandani, akamfungua, akanipa kamba. "Mimi sijaona kitu," akasema, akaingia jikoni.

Makori alinikuta langoni pake. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyeangusha mti?"

Nikasema si mimi.

"Sasa mbuzi wako ni wa nini?"

Lilikuwa swali langu, Baba. Lile lile nililokuwa nikikusumbua nalo. Nilisimama pale, mwalimu mzima, kamba mkononi. Nilichoweza kusema ni, "Ni ndugu yangu." Nikaanza kulia, aibu yote imeniisha. Makori akaipokea kamba.

Mbuzi alichinjwa. Ombati akaja kutoka Kericho. Makori alimmegea ugali kwa mkono wake mwenyewe, na Ombati hakuweza kuumeza, lakini akaumeza. Sasa Ombati analala hapa nyumbani kwetu.

Natamani ningekuambia kwamba nimeelewa. Sijaelewa. Pale langoni nilidhani nimeona kitu, jinsi mtu anavyoweza kusimama mahali pa mwenzake na isiwe upuuzi. Lakini nikiyakumbuka maneno yako nahisi nimekusaliti, wewe na Mwokozi wako pamoja. Labda ile damu ilitosha, ni sisi tusiotosheka. Labda ilimtosha Mungu, na Makori alikuwa bado anangoja zamu yake. Inaniuma kwamba huwezi kunijibu, hata kwa kibuyu.

Wazee wa kanisa wamesikia. Wameniita Sabato ijayo, na wengine wanataka nitolewe ushirikani. Mama ananishauri niseme ilikuwa karamu tu, watu walikula nyama. Sitasema hivyo, Baba. Hii ndiyo ahadi yangu kwako: nitasema nilichinja, na kwamba nilijua ulikataza. Wakiniuliza kama naogopa, nitasema naogopa sana.

Pumzika, Baba yangu. Wakinitoa, sitahama kanisa lako. Nitakaa nje karibu na dirisha, nisikilize. Ombati atakuwa ndani.

Mwanao,
Mokaya