Ahadi Uliyonirithisha, Mama Aline

Mama Aline,

Bibi Yozefina, jirani yako wa zamani, amehama. Nimeona bora ulisikie kutoka kwangu, ingawa sijui kama huko uliko habari zinafika au mmepumzishwa nazo. Mtaa wote ule wa nyumba za serikali kule Doonside, mliofikia wewe na watoto mlipoletwa nchi hii kutoka kambini Kigoma, sasa umezungushiwa uzio. Waliobaki ni paka tu. Familia za mwisho zilipakia vyombo Jumamosi. Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyepiga kura ya ndiyo.

Nakuandikia nikiwa ofisini kwako hapa Bungeni. Jina la mlangoni ni langu sasa, lakini wahudumu bado wanakitaja chumba hiki kwa jina lako. Dirisha bado halifunguki. Nashinda humu nikilitazama jiji kwa kioo, na wiki hii nimekuwa nikijiuliza ni wapi hasa mlango ulijifunga nyuma yako. Nikijua wako, huenda nikaujua na wangu.

Hukuanza kwa kutaka siasa. Ulianza kwa baridi. Shifti yako kule nyumba ya wazee ilianza kabla lango la shule halijafunguliwa, basi Aline na wadogo zake walikuwa wakisimama nje ya uzio wamevaa soksi mikononi. Ukaenda kwenye mkutano wa kamati ya wazazi. Wakazungumza habari ya keki za kuuza, wakazungumza rangi ya fulana za michezo, nawe umekaa nyuma na Kiingereza chako cha kambini. Mwishoni ukanyoosha mkono. Ulivyokuwa ukitusimulia, hata baada ya kuwa mheshimiwa, hukurekebisha neno: "Mimi swali yangu ni moja. Ufunguo ya ukumbi iko na nani?"

Hawakukujibu. Mkutano uliofuata ukauliza tena, na uliofuata, mpaka mwalimu mkuu akaona rahisi zaidi kukupa huo ufunguo kuliko kukusikiliza. Mkapangana zamu, wewe na Wakenya wawili na mama mmoja wa Kifilipino, watoto wakawa wanakaa ndani asubuhi. Wazazi waliokuwa hawakusalimii wakaanza kuleta wao pia. Baadaye wakakuchagua mwenyekiti wa kamati, nawe ukaniambia ulilia chooni, kwa sababu tangu Burundi hakuna mtu aliyewahi kukuchagua kwa kitu chochote ila kuhama.

Ndipo chama kilipokuona. Wakakusimamisha udiwani, ukaanguka vibaya. Kesho yake ukaja kazini kama kawaida. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Kitui, nimeajiriwa juzi pale nyumba ya wazee, na ndiyo siku tuliyojuana. Ulikuwa unamwogesha mzee mmoja, akakwambia alikupigia kura. Ukanigeukia ukasema, ukianza na neno lako la Kifaransa kama kawaida, "Bon, mmoja nimemjua. Wale wengine watajitokeza." Nilicheka mpaka nikamwaga maji, na tangu siku hiyo nikawa mtu wako.

Uchaguzi uliofuata tulisimama pamoja stesheni ya Doonside mvua ikinyesha. Watu walinipita kama nguzo. Ukaninyang'anya karatasi za kampeni ukasema, "Usimpe mtu karatasi. Mpe habari za asubuhi. Karatasi ataomba mwenyewe." Na kweli waliomba. Ukawa diwani, na mimi nikaacha shifti za wazee nikawa mtu wa ofisi yako. Kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii nilikiokota nikikufuata nyuma na mkoba wako: namna ya kumsikiliza mwenye hasira mpaka achoke, namna ya kula kidogo katika kila msiba ili usiwakosee wenyeji, namna ya kuondoka mkutanoni kabla hujaahidi.

Hili la mwisho nitalirudia, Mama.

Kisha Baraza la Juu la Bunge. Chama kilitaka sura ya Kiafrika kwenye orodha yake, kikakuweka chini kabisa, mahali pa kupambia. Hawakutegemea ungepita. Kura zilipohesabiwa zote ukaingia, wa mwisho kati ya walioingia, na Ijumaa ile kanisani Warundi waliimba mpaka majirani wakaja kuuliza. Kwao hili Baraza ni Seneti. Uliwasahihisha, uliwasahihisha, mwisho ukachoka. "Waache. Seneti iwe Seneti."

Siku ya hotuba yako ya kwanza nilikaa roshani ya wageni, pamoja na Aline. Ulimaliza kwa kuwasalimu wazazi wako kwa Kirundi, na yule anayeandika maneno ya Bunge akaja kukuuliza salamu ile inaandikwaje. Ukamwandikia polepole, herufi kwa herufi, kisha ukaomba chai. Niliwaza, huyu mwanamke sasa hakuna wa kumzuia. Sikujua kwamba humu ndani ndimo mtu anamozuiliwa vizuri kuliko mahali popote, kwa adabu, kwa chai, kwa kuitwa mheshimiwa.

Ukaugua, na ugonjwa haukutupa nafasi. Pale hospitali ya Westmead ulinishika mkono ukasema, "Mwende, kiti kisipoe." Nikasema ndiyo, kama mtu anavyomwambia mgonjwa ndiyo. Tulikuwa hatujamaliza hata matanga, chama kikanipigia simu. Sheria ya hapa, ukifa kitini, chama chako ndicho kinachotaja wa kukirithi, na mabaraza yote mawili ya Bunge yanakaa pamoja kumpitisha. Sikuombwa na wananchi. Niliombwa na wewe, nao wakaona inafaa: Mwafrika mwingine, mwanamke mwingine, tena anayejua mafaili yako yako wapi.

Mama yangu kule Kitui alichinja mbuzi. Kanisani kwao wanamwita Mama Mheshimiwa na wamemsogeza viti vya mbele. Niliwahi kumgusia kwa simu kwamba kazi hii huenda si yangu. Akaniuliza kama naumwa, kama nimeanza kwenda kwa daktari. Huko nako mlango umefungwa.

Sasa nije kwenye lile lililoniamsha nikuandikie.

Muswada wa kubomoa mtaa ule uliletwa na serikali ya chama chetu wenyewe. Nyumba za zamani zivunjwe, zijengwe ghorofa, baadhi za serikali, nyingi za kuuzwa. Wapangaji wahamishwe popote patakapopatikana nafasi. Graham, yule kiranja wetu ambaye kazi yake ni kuhakikisha tunapiga kura kwa pamoja, alikuja ofisini akafunga mlango. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia hawa ni watu waliotolewa Burundi, wakatolewa kambini, na Bibi Yozefina ameshazeeka, nguvu za kuanza kupanda miti ya uani upya hana. Graham si mtu mbaya, unamjua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, kwamba wewe ulishakubali. Kwamba kabla hujalazwa ulikaa naye kwenye kiti kile kile nilichokalia ukampa neno lako, baada ya waziri kukuahidi kwamba wapangaji watarudi.

Nilimwambia anakusingizia. Akanitajia maneno yako: "Bon, lakini warudi." Hapo nikajua ni kweli, maana hakuna Mzungu anayeweza kuitunga ile sauti.

Mama Aline, nilikukasirikia. Nilikukasirikia nikiwa kwenye treni, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani nikiimba. Mimi niliyebeba mkoba wako, hukuniambia. Uliyenifundisha kuondoka kabla sijaahidi, uliahidi, ukaondoka.

Na nisingeweza kumwambia mtu. Hebu fikiria. Jumapili baada ya Jumapili watu walinizunguka nje ya kanisa: "Mama Aline angekuwa hai, hili lisingetokea." "Mama Aline angesimama." Wengine walilia wakilitaja jina lako. Ningewaambia nini? Kwamba marehemu wao aliafiki? Nikisema, nakuzika mara ya pili. Nikinyamaza, mimi ndiye msaliti. Nilinyamaza. Nikawa natoka mlango wa nyuma, karibu na jiko, mpaka hata huko wakanijua.

Nilifikiria kujiuzulu. Graham akanieleza kwamba chama kitamtaja mwingine kabla ya wiki kwisha, na mwingine huyo atapiga ndiyo bila kuuliza. Nikafikiria kupiga hapana. Wangenifukuza chamani, na muswada ungepita kwa kura za chama kingine kidogo, ambacho hakikutaka kusikia habari ya mtu kurudi. Kila nilikoegemea kulikuwa na ukuta.

Ndipo nilipoliangalia tena neno lako. "Lakini warudi." Nikamuuliza Graham, warudi imeandikwa wapi? Haikuandikwa popote. Waziri alikuahidi kwa mdomo, nawe ulikuwa mgonjwa. Nikamwambia kura yangu ni ya chama, ila sitaingia ukumbini mpaka neno hilo liwe kifungu cha sheria: kila mpangaji aliyehamishwa arudishwe mtaa ule ule, kabla mgeni hajapewa ufunguo. "Unazidi kufanana naye," akasema. Nikamwambia, "Hapana, yeye aliwaamini."

Walinizungusha, ingawa kura za chama kile kidogo zilikuwa na bei kubwa kuliko kifungu changu. Walinipigia simu watu ambao hawajawahi kunipigia. Waliniambia nimewekwa tu, sikuchaguliwa, nikumbuke. Nilikumbuka. Mwishowe kifungu kikaingia, kimepunguzwa makali lakini kimeingia.

Siku ya kura kengele ililia mchana, kisha milango ikafungwa kama ilivyo desturi, wa ndiyo kulia, wa hapana kushoto. Niliketi kulia. Roshani ilikuwa imejaa watu wetu, kina mama na vitenge vyao vya Jumapili siku ya kazi. Nilijua wananitazama nami sikuinua macho. Majina yalisomwa, langu likasomwa. Walipofungua milango roshani ilikuwa tupu, wametoka kimya kimya, bila hata kunizomea. Ningependa wangenizomea.

Basi Jumamosi nikaenda kuhamisha vyombo. Aline alikuja na pikapu kutoka Ingleburn, upande mwingine wa jiji, maana Bibi Yozefina amepewa nyumba huko, karibu na kwa Aline, mbali na kanisa na mbali na kila mwingine anayemjua. Nilimwambia Aline asante. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siasa ilimmaliza mama yake na anaona imeanza na mimi. Kisha akanipa glavu.

Tulibeba kitanda, tukabeba masufuria. Bibi hakunisemesha. Nyumba ilipobaki tupu aliketi kwenye ngazi ya nyuma, akanionyesha nafasi kando yake kwa kidole. Nikaketi. Akasema hivi, nakuandikia alivyosema:

"Yeye alikuja hapa, Mama Aline. Kabla ya hospitali. Aliniambia mwenyewe kwamba amekubali. Nilimfukuza. Kesho akarudi na lenga-lenga, nikamfukuza na mboga zake. Nilimzika nikiwa bado nimenuna."

Akaendelea, "Wewe hukuja kuniambia. Ila umekuja kubeba."

Kumbe hukukimbia, Mama. Ulikwenda ukagonga mlango wa mtu uliyemuumiza, ukafukuzwa, ukagonga tena. Na yeye amekaa na siri yako muda wote huu, anasikia watu wakinilaani kwa jina lako, amenyamaza kama nilivyonyamaza, kwa sababu ile ile. Tulikuwa wawili tunaokulinda, hatujuani. Aliniuliza kama utamsamehe. Nilimwambia ulishasahau kununa kwake kabla hujafika kituo cha basi. Sijui kama nilisema kweli. Nisaidie iwe kweli.

Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Lakini imepata mahali pa kukaa.

Jumapili hii nitapita mlango wa mbele wa kanisa. Wanaweza kunigeuzia mgongo. Kuhusu lile ulilokubali, midomo yetu imefungwa, wa Bibi na wangu. Na uchaguzi ukija chama kitaniweka chini kabisa ya orodha, Graham ameshanidokeza. Mpaka hapo mimi ni wa chama na chama ni changu.

Ninachokuahidi ni hiki. Mara moja kila mwezi nitapanda treni mpaka Ingleburn nikamchukue Bibi Yozefina, nimlete ayaone majengo yanavyopanda, ili wajenzi wamjue kwa sura. Siku yakikamilika, kama jina lake halimo kwenye orodha ya wanaorudi, nitasimama katika Baraza na kuuliza yuko wapi, na nitauliza kila kikao, waziri awe wa chama chetu au asiwe. Asipojaliwa kuiona siku hiyo, nitauliza kwa ajili ya jirani yake. Nitauliza kwa jina langu. Lako liache lipumzike nawe.

Pumzika, Mama. Bibi amesema nikuambie mboga zile ulizomwachia mlangoni alizipika.

Wako,
Mwende