Siku Mbili za Kimya

Jumanne, 4 Juni

Leo nimejua kilichomuua mume wangu. Mwaka mzima — na leo ndiyo naambiwa!

Daktari wa utafiti, sisi wa chumba cha kufulia cha hospitali tunamwita Miwani, aliniita nipande ghorofa ya tatu. Nikapanda na aproni yangu, mikono ikinuka dawa ya madoa. Mwaka jana homa ya mafua ilipoingia nyumbani, watu wake walitutoa damu sote, siku baada ya siku: mimi, mume wangu, mama mkwe aliyekuja kumuuguza, na wifi. Walitaka kuona jeni zipi huamka kirusi kikiingia mwilini, na zipi hubaki zimelala.

Akanionyesha karatasi. Mstari wangu ulipanda siku ile ile ya kwanza. Ndiyo ile homa iliyonigonganisha meno — mwili ulipiga yowe mapema, akasema. Mstari wa mume wangu umelala chini kama uzi uliodondoka sakafuni. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu jeni za kupigana zikaamka zote kwa mpigo, hakuna wa kuzituliza, zikamchoma mapafu yeye mwenyewe.

Kumbe zile siku mbili alizokuwa anacheka, anasema "mafua tu haya, nenda kazini" — mwili wake ulikuwa haujapata habari!

Nilikwenda kazini siku mbili. Kwa siku hizo mbili mama mkwe, Bi Mkubwa, ameniita muuaji mbele ya ukoo mzima.

Kasoro hiyo alizaliwa nayo, anasema Miwani. Hutoka kwa mzazi mmoja. Nikauliza, yupi? Akafuta miwani yake kwa koti. Damu ya mtu ni siri yake, akasema.


Jumatano, 5 Juni

Nesi wa utafiti kanifuata kwenye mashine, katikati ya mashuka ya wodi ya watoto. Ana barua ya mama mkwe wangu, imefungwa. Amekwenda mara tatu, mara tatu amefukuzwa langoni na Bi Mkubwa: "Hamchoki kunyonya damu za watu?" Basi wewe ni mtu wa familia, akasema nesi, nipelekee, tafadhali. Ni muhimu.

Nikasema nitapeleka.

Iko chini ya godoro.


Alhamisi, 6 Juni

Nimeifungua. Pasi ya mvuke, dakika moja, gundi ikaachia. Kazi yangu ni mvuke, nani atajua?

Ni yeye.

Waliweka kirusi kwenye chembe za damu yake ndani ya kichupa, wakasubiri. Jeni za kutoa taarifa hazikuamka. Kasoro ile ile ya mwanawe. "Inaelekea aliipata kwako." Imeandikwa hivyo, kwa mashine, na muhuri chini!

Nimeisoma nimesimama, nimekaa, nimelala. Roho imetulia kama mtu aliyekunywa maji ya baridi baada ya jua kali. Yule aliyechukua funguo za nyumba yangu hata kaburi halijakauka. Aliyewaambia wafiwa, "Huyu alimpa mwanangu glasi ya maji akaenda zake." Aliyekataa nisimame karibu na jeneza.

Jumapili ya tarehe kumi na sita kuna kikao cha familia, mwaka mmoja wa marehemu. Wote watakuwepo. Mashemeji, mashangazi, wale wa mbali. Nitasimama nisome. Polepole. Nimuone uso.

Siku kumi si nyingi.


Jumapili, 9 Juni

Nilikwenda kumsalimu, eti heshima. Ukweli nilitaka kumtazama tu, kama mtu anavyotazama nyama kabla ya kuikata.

Yuko barazani, anachambua mchele. Shikamoo, mama. Hakuitikia. Akamwambia wifi, kwa sauti, amtafutie mgeni kiti kile cha mguu mbovu. Wifi akainamisha kichwa.

Nikauliza afya. Akajibu, "Mimi mzima. Simo kwenye mikono yako."

Yamenikata maini, lakini nikacheka! Nilicheka kweli. Wifi akanishangaa.

Njia nzima nimefanya mazoezi ya kusoma. "Inaelekea aliipata kwako." Nikishusha sauti kwenye "kwako" inakuwa nzuri zaidi.


Jumatano, 12 Juni

Mashine namba mbili imeharibika. Mashuka mia na arobaini kwa mkono. Bado siku nne.


Alhamisi, 13 Juni

Wifi kapiga simu saa ya chakula. Naomba uniletee dawa ya kikohozi, si uko hospitali? Mama ana mafua kidogo tangu jana asubuhi. Homa hana. Anakula, anagombana na kila mtu, mzima kabisa.

Homa hana.

Nikasema, ya nini dawa, mafua yataondoka yenyewe. Nikakata.

Nimeandika hapo juu nilivyosema. Sifuti.

Ipo aya ya tatu ya barua sikuiandika humu siku ile. Sikuitaka. Inasema: ukipata mafua usisubiri homa. Fika hospitali ndani ya siku mbili, kuna vidonge, vikichelewa havisaidii sana. Mpaka leo umebahatika, lakini umri unasogea.

Siku mbili tangu jana asubuhi ni kesho asubuhi.

Nikae kimya tu. Si lazima nifanye lolote. Sitampa sumu, sitamsukuma. Nitaenda kazini, kama nilivyokwenda mwaka jana. Aniite tena muuaji, safari hii kwa haki!

Ningeweza.


Ijumaa, 14 Juni

Naandika nikiwa kwenye baraza yake, juu ya kile kiti cha mguu mbovu.

Asubuhi nilipanda ghorofa ya tatu, nikaweka barua mezani kwa Miwani. Akaona gundi. "Umeikalia siku tisa?" Nikasema ndiyo. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Akatazama saa. Alisema bado tujaribu, kila saa ina maana. Gari liko safarini, litakuja na nesi saa tisa. Wewe tangulia, umlainishe, sisi hatufunguliwi.

Nimlainishe! Mimi!

Wifi akanifungulia lango. Bi Mkubwa yuko kwenye kochi na khanga mabegani, midomo imeanza kupauka. Nikamwambia tunakwenda hospitali, mama, leo hii. Akasema hanywi kitu kilichopita mikononi mwangu. Nikasema kuna barua. Akasema, "Soma basi, si umekuja kusoma."

Ningeweza kuanza na aya ya tatu. Ndiyo iliyotakiwa. Siku mbili, vidonge, twende.

Nikaanza mwanzo.

Nilipofika "inaelekea aliipata kwako" sauti haikutetemeka hata kidogo. Mazoezi yalinisaidia. Kisha nikairudia. Mara ya pili haikuwa na haja yoyote. Niliirudia kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anatazama chini, na mimi nilitaka uso.

Nimeupata.

Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo yale maziwa, ile damu — mimi?" Akamwangalia wifi kama anayeomba kusahihishwa. Mama mkwe akainuka, akashika ukuta, akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo. Alinisikia nikisoma aya ya tatu kupitia mlango. Nimeisoma mara nne. Alijibu mara moja tu: "Aliyemuua mwanangu hahitaji dawa. Nilisema kweli mwaka mzima, ila sikujua namsema nani." Lakini mimi sikumwita muuaji! Ni yeye aliyekuwa akisema, maneno yote ni yake, mimi nimeyarudisha tu kwa mwenyewe.

Wifi hanitazami. Kazunguka dirishani, anabembeleza, pazia halisogei. Fundi wa makufuli hapokei simu.

Saa tisa na robo. Gari limepiga honi langoni, nesi anateremka na mkoba. Anauliza mgonjwa yuko wapi. Sijui nimjibu nini, kwa hiyo ninaandika.

Ndani amekohoa. Kimya. Kirefu mno.

Amekohoa tena. Kohoa, mama, kohoa nikusikie. Nakuja kugonga.