Vifaranga wa Nafula Bado Hawajavuka Reli

Wekesa, rafiki yangu,

Kit ya kompyuta yako imefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza mkeo anaendeleaje. Mama Nafula yuko. Amerudi kuuza mboga, na akitaka kulia anangoja wateja waondoke. Kit ndiyo inayoninyima raha.

Ilikuja tukiwa tumeshakuzika. Bahasha nene yenye stempu za ng'ambo, na jina lako juu yake kana kwamba ungetoka mlangoni uipokee. Mama Nafula aliileta mwenyewe mpaka hapa kwangu Kawangware, akaiweka juu ya rundo la koroboi ambazo sijazitia mkono, akasema, "Baba Njoki, alisema ni wewe." Akaenda zake. Hata chai hakunywa.

Na kweli ulisema. Tulikuwa kwa kibanda chako kule Kibera, umeshaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. "Mwangi," ukaniambia, "hii kitu ikikuja, wewe ndio utalehemu. Mkono yangu imekuwa ya mzee." Nikacheka, nikakubali haraka haraka, vile mtu hukubali jambo akidhani halitafika. Mimi ni fundi wa bati, Wekesa! Natengeneza koroboi na karai na mifereji ya mvua. Chuma changu cha kulehemu kina ncha pana kama kidole gumba. Wewe fundi wa redio ndiye uliyezoea vitu vya kutazamwa kwa miwani.

Basi tangu bahasha ifike najiandaa. Watu wa hapa wamechoka na kujiandaa kwangu. Nimepiga ncha ya chuma tupa mpaka ikawa kama msumari. Nimesogeza meza mlangoni nipate mwanga, vumbi likaja, nimeirudisha ndani, giza. Nimeisogeza tena. Naifungua bahasha, naitazama ile bodi ndogo ya kijani na vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi vilivyochomekwa kwenye sponji, halafu naifunga. Tena ulinionya nisivishike nikiwa na sweta ya nailoni, eti ina umeme wake wa kuviua. Na huu ni Julai, unajua baridi yake. Nikivua sweta natetemeka, nikiivaa naua. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe.

Ngoja, nageuza makaa.

Nimerudi. Nilitaka kukuambia habari za ile mashine yenyewe. Siku ya kunyoa kule kwenu, matanga yakiisha, wakigawa vitu vyako, koti lilikwenda kwa kakako, baiskeli kwa yule mpwa wako mrefu. Kompyuta ikaletwa mbele ya wazee. Kakako akaigeuza juu chini, akagonga vitufe, akauliza, "Na hii ni redio gani haina spika?" Watu wakacheka, mimi pia, Mungu anisamehe, tulihitaji kucheka. Nafula wako hakucheka. Akasimama akasema, "Hiyo ni yangu." Hakuna aliyebisha.

Nikadhani atarudi nayo Nairobi aiwashe mara moja, aiunganishe na ile betri ya gari na televisheni yako ndogo, kama mlivyokuwa mkifanya Jumapili baada ya kanisa. Unakumbuka mlivyoniita nione ule mchezo wenu? Nikaona herufi K inatembea kwenye kioo. Nikauliza ni nini. Nafula akaniambia kwa uchungu kabisa, "Ni kuku, Anko! Anavuka reli!" Na zile alama zilizopita mbio ndizo zilikuwa treni. Alitaka kuku afuatwe na vifaranga, lakini kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, hadi kit iiongezee nafasi. Kila mkiongeza mstari mmoja lazima mfute mwingine. Mlifuta honi ya treni mkapata kifaranga mmoja, naye akawa anakwama katikati ya reli. Ukamwambia, "Ngoja kit ikuje, mama. Watavuka wote."

Kumbe alipofika Nairobi aliifunga kwenye katoni akaisukuma chini ya kitanda. Nikimuuliza ananijibu, "Imejaa, Anko," na kuondoka. Shuleni anaenda, nyumbani anaosha vyombo, mtoto hana kosa. Ila hacheki. Mama yake anasema nimwache tu. Mimi siwezi kumwacha tu, unanijua, mimi hata sufuria ya maji siwezi kuiacha ichemke yenyewe. Nikajiambia, hii kit ikikubali, yule mtoto atarudi. Na nikiichoma, hakuna nyingine, na nitakuwa nimekiua kile ulichomwachia. Ndiyo maana naifungua na kuifunga.

Nikaamua kufanya mazoezi kwanza kwenye bodi za redio zako zilizokufa. Nikalehemu miguu ya kila aina. Ikang'aa, Wekesa! Nikajisikia mtu. Nikaipeleka bodi moja kwa kibanda chako, nikaiweka rafuni mbele kabisa, Mama Nafula aione.

Juzi nimeenda kuwasalimu. Nafula alikuwa anafagia hapo. Bodi yangu ilikuwa imeota ukijani kila mahali nilipogusa. Akaichukua, akainusa. Akasema, "Anko, umetumia asidi."

Nikakataa. Nikaapa. Halafu nikakumbuka kopo langu la asidi lilipo, hapo mkono wa kulia, mahali limekaa tangu nijue kazi hii. Bati haishiki risasi ya kulehemia bila asidi, kwa hivyo chuma kikitoka motoni mkono wangu unachovya wenyewe, siuambii. "Baba alisema asidi ya watu wa bati inakula waya polepole," akasema. "Inawaka leo, inakufa wiki ijayo."

Nilikaa chini. Nikaona vile ingekuwa. Ningemkabidhi mashine nikijisifu, kuku angevuka na wanawe, Nafula angecheka, halafu siku chache baadaye kioo kingezima mbele yake. Mtoto huyu ameshaona kitu kikizima mbele yake.

Naye hakunionea huruma. Akatoa droo yako, akachukua ile waya nyembamba ya risasi yenye utomvu ndani badala ya asidi, akaniambia niweke chuma motoni. Akalehemu mguu mmoja. Tone dogo, la mviringo, safi, na mkono umetulia kama umelala. Nikamuuliza amejifunza lini. "Kwani ulidhani nani alikuwa analehemu zile redio za mwisho?"

Kumbe ulikuwa unakaa hapo kwa jiko unapasha vyuma viwili, kimoja kikipoa mkononi mwake unampa kingine, na mlango umerudishwa, ili watu wasijue ni msichana wakapeleka redio zao kwingine. Nimekuelewa. Lakini nimekasirika pia, wacha nikuambie ukweli. Watu, sawa. Na mimi? Mimi nilikuwa watu?

Na kama mkono wake ulikuwepo, kwa nini ukaniomba mimi? Nimeliwaza hili nikipiga bati hadi jirani akaniuliza nimegombana na nani. Labda ulijua hataifungua ile katoni peke yake. Labda uliona aibu tu kuniambia. Ningekuwa nawe ningekushika shati unijibu. Sasa sina wa kumshika.

Siku hiyo nilipokuwa natoka Nafula alinifuata mpaka njiani. Akasema, "Anko, chuma cha makaa kinapoa haraka. Siwezi nikiwa peke yangu." Nikamuuliza anataka lini. Akasema, "Si Jumamosi? Kwani unangoja nini?" Nilikusikia wewe kabisa, na nikalia hapo hapo njiani, mbele ya watu wanaoniheshimu.

Leo ndiyo Jumamosi. Bahasha nimeifunga kwa leso kifuani. Sweta nimeiacha kwa msumari. Kopo la asidi nimelifungia sandukuni na ufunguo nimempa mke wangu, akaniangalia kama mwendawazimu. Nabeba vyuma viwili na jiko langu, lako lina ufa.

Nilikuahidi kwamba nitalehemu mimi. Ahadi hiyo naivunja, na sikuombi msamaha. Nakupa nyingine: chuma hakitapoa mkononi mwake, si leo, si kwa redio zitakazofuata. Na mlango wa kibanda leo utakaa wazi. Atakayeona msichana analehemu na aone. Anayetaka kwenda kwingine aende.

Pumzika, Wekesa. Moto niachie mimi.

Mwangi wako