Taa ya Kioo cha Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Gari jipya la shule limefika. Kila kioo cha pembeni kina taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye kona. Muuzaji kanieleza kwa madaha: gari au pikipiki ikija ubavuni, pale ambapo kioo hakifiki, taa inawaka. Nikamwambia pale ambapo kioo hakifiki, Mungu alituwekea shingo. Miaka kumi na tisa nafundisha udereva na wimbo wangu ni mmoja – geuza shingo! Shule hii nimeijenga kwa wimbo huo, bila baba wala mjomba wa kunishika mkono.

Wifi yangu, ndiye karani wetu wa ofisini, kafurahi kupita kiasi. Anasema sasa gari lina shingo yake, kwa hiyo nimpe cheti chake. Nilimfelisha mwaka juzi kwa kutogeuza shingo. Akaenda kupatia leseni shule ya jirani – ya jirani! – lakini cheti changu bado anakidai kila akiniletea chai.

Niseme humu tu: hiyo taa imenivutia. Inaonaje?

Jumanne, 4 Machi

Inaona uongo. Asubuhi nakuja kazini, taa ya kulia ikawaka. Nikageuza shingo – barabara tupu. Nikaanza kuhamia kulia, mara pikipiki ikachomoza sijui kutoka wapi. Mwendeshaji alinitukana hadi tulipofika kwenye taa za barabarani. Mwalimu wa udereva akigonga mtu, na gari lenye jina la shule ubavuni, shule imekwisha. Nani atamleta mwanawe kwangu?

Nimempigia muuzaji aje achukue gari lake. Kaomba nivute subira wiki moja. Nilisikia kabisa kwamba anatabasamu. Ningekuwa mwanaume angekuja mbio.

Jioni nikaijaribu mwenyewe uwanjani. Nimepanga mapipa ya mazoezi upande wa kulia, nikapita polepole, nikapita kwa kasi. Taa kimya. Kwa hiyo kisichokuwepo inakiona, kilichopo haikioni!

Jumatano, 5 Machi

Kaja fundi umeme wa magari, tunamwita Waya. Mwembamba, na maneno yake hayakatiki. Kumbe ndani ya bampa la nyuma kuna rada mbili, moja kila pembe. Nikamuuliza mbona mapipa hayakuonekana. Akasema imefundishwa kupuuza vilivyosimama, la sivyo ingewaka kwa kila nguzo na kila ukuta, na dereva angeizoea asiijali tena. Inatafuta kinachokwenda sambamba nawe.

Hiyo nimeipenda. Hata mimi nawaambia wanafunzi mti haumfuati mtu.

Na matope je? Yakiwa mengi yanaiziba. Tumeosha bampa. Akachomeka kompyuta yake: gari zima, hakuna hitilafu. Nikamwambia kompyuta haijawahi kukaa kwenye kiti changu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nimeweka hesabu. Wanafunzi wakiendesha na kunisomea vioo kwa sauti, mimi kiti cha pembeni, taa zote mbili zinasema kweli. Kila ikiwaka, kuna kitu. Nikiendesha mimi, ya kushoto inasema kweli daima. Ya kulia – nusu kwa nusu.

Gari lile lile. Barabara ile ile. Hesabu ya namna hii inaniudhi kwa sababu haina pa kushikia. Wifi anasema gari limenichukia, limesikia nilivyolisengenya kwenye simu. Waya kacheka, akasema gari halimjui mtu.

Ni kweli, halimjui mtu. Basi kinachobadilika ni nini?

Sijaliandika jibu. Kesho Waya anakuja na pikipiki yake.

Jumamosi, 8 Machi

Barabara ya nyuma ya maghala, haina watu siku kama ya leo. Tumepanga hivi: Waya ananifuata kwa pikipiki, mara kushoto, mara kulia, mara anabaki nyuma kabisa. Mimi nasoma vioo kwa sauti, kama ninavyowalazimisha wanafunzi. Wifi kiti cha pembeni, ndiye shahidi.

Kushoto, pikipiki. Sawa. Nyuma, pikipiki, mbali. Sawa. Taa ya kulia ikawaka. Nikageuza shingo, nikasoma:

"Kulia wazi."

Nikangoja Wifi aicheke taa. Hakucheka.

"Wifi," akasema polepole, "Waya yuko hapo. Angalia tena."

Nikageuza zaidi, kidevu hadi begani. Huyo hapo na kofia yake nyekundu, karibu mno, ananyoosha mkono kunisalimu. Alikuwa hapo muda wote.

Tumerudia. Zaidi ya mara moja. Kisha nikasema jua kali, turudi. Waya alifunga kofia yake, akawasha pikipiki, akaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Peke yangu jikoni. Nimefunika jicho la kulia, nikatazama kitasa cha mlango, nikaleta kijiko taratibu kutoka pembeni. Kinaonekana mapema tu. Nikafunika la kushoto. Kijiko kikaja, kikaja – hakipo. Hakuna giza, hakuna ukungu. Hakipo tu, na ukuta uko palepale kama kawaida. Kikatokea karibu na pua.

Ajabu ni hii: mwaka jana nilipohuisha leseni ya ualimu nilisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, zile ndogo za kusumbua hata sisimizi. Lakini herufi huwa mbele. Za pembeni nani aliniuliza?

Angekuwa mwanafunzi, ningemfelisha papo hapo.

Muuzaji sijampigia.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki ya macho. Wifi ndiye aliyeendesha. Kila kona kageuza shingo hadi nikahofia itakatika – kwa kunikejeli au kwa kunifurahisha, sijui. Sikumsahihisha kitu.

Wameniweka kidevu kwenye mashine ya kupima kuona kwa pembeni, kama bakuli jeupe. Ukiona taa ndani, bonyeza kitufe. Nikamuuliza muuguzi: na nisipoiona, nitajuaje?

"Wewe hutajua, mama. Mashine itajua."

Jicho la kushoto nilibonyeza kama mtu anayepiga taipu. La kulia – nasikia mashine inazunguka ndani, inafanya kazi yake, mimi kidole kimekaa tu. Mara moja nikabonyeza kwa kubahatisha. Muuguzi akasema tusidanganyane.

Sasa niko kwenye benchi. Wamenitia dawa ya kupanua mboni, mistari inavimba, naandika kwa mazoea. Wifi kauliza kama gari bado nalirudisha. Nimemwambia anyamaze.

Mlango umefunguka. Wananiita. Nimesimama, muuguzi anasema daktari anataka na niliyekuja naye aingie pia.

Wifi amesimama. Funguo za gari kazishika yeye, wala sizidai.